Rufaa ya mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo: nimpeleke bila kitanda au nisubiri?

Tabibu wa Kilifi (swali)

Wanajukwaa, salaamu. Mimi ni tabibu katika hospitali ya kaunti ndogo huku Kilifi, na ninaomba ushauri wa wale ambao wamewahi kuhamisha wagonjwa walioumia uti wa mgongo, kwa sababu nimefika mahali ambapo kila njia ninayoitazama ina hatari yake.

Siku tisa zilizopita tulimpokea mgema mwenye umri wa miaka 34 aliyeanguka mnazini alfajiri, kibuyu cha tembo, yaani pombe ya mnazi, kikiwa bado kiunoni. Nduguze walimleta kwa bodaboda, wamemkalisha katikati ya dereva na mpwa wake aliyemkumbatia kwa nyuma ili asianguke tena, na mpwa huyo ananiambia kwamba miguu ilikuwa ikiburuta njia nzima. Tangu siku hiyo miguu yote miwili haisogei, hisia zinaishia kinenani, na eksirei inaonyesha kwamba pingili ya 12 ya kifua imepondeka. Mikono ni mizima, anapumua vizuri, presha imetulia, na mpira wa mkojo tulimwekea siku ile ile.

Nimekipigia simu kituo kimoja maalumu mara tatu, na mara zote nimejibiwa kwamba hakuna kitanda, nipige tena wiki ijayo. Ndugu wamekwisha kufanya harambee ya gari la wagonjwa, nao wananisihi niandike barua ili waondoke kwenda Nairobi usiku, wakiamini kwamba mgonjwa akishafika langoni hakuna atakayethubutu kumrudisha. Leo asubuhi muuguzi amenionyesha doa kwenye kisigino cha kulia, na doa hilo limenitia hofu kuliko zile simu. Je, nimruhusu aondoke? Na barua ya rufaa iseme nini hasa hadi mtu wa upande wa pili aone kwamba mgonjwa huyu anapaswa kupokewa?

Nesi Mstaafu

Tabibu, pole kwa mzigo huo, na umefanya vyema kuuliza kabla gari halijawashwa. Nilifanya kazi katika wodi ya majeraha ya mgongo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba asiondoke mpaka uwe na jina la daktari aliyekubali kumpokea na uhakika wa kitanda atakacholazwa. Niliwahi kumpokea kijana mmoja, ambaye hospitali iliyomtuma sitaitaja, aliyesafirishwa zaidi ya kilomita 400 juu ya ubao mgumu. Alifika jioni bila taarifa yoyote, akawekwa kwenye ujia wa idara ya dharura, akalala hapo hadi kesho yake, bado yuko juu ya ubao ule ule. Tulipomgeuza, ngozi ya chini ya mgongo, pale penye mfupa juu ya makalio, ilikuwa imekwisha kufa, na baada ya siku chache pakafunguka kidonda ambacho ngumi ya mtoto ingeingia. Kilichomchelewesha kuanza mazoezi hakikuwa uti wake wa mgongo bali kidonda hicho, kilichomlaza kifudifudi kwa miezi mitano. Ubao ule umetengenezwa kwa ajili ya kumtoa mtu chini na kumfikisha kitandani, na mgonjwa asiyehisi hawezi kukwambia kwamba unamchoma.

Sasa nikuulize: ulipopiga simu, uliomba nini? Hapa kuna milango miwili, na wengi wetu hubisha mmoja tu. Mlango wa kwanza ni wa daktari wa upasuaji wa mgongo, ambaye ndiye wa kuamua kama pingili hiyo iimarishwe kwa vyuma au iachwe ijiunge yenyewe. Zile saa 24 za mwanzo ambazo wapasuaji huzitamani kwa ajili ya kuondoa mgandamizo kwenye uti zimepita, lakini pingili iliyolegea bado yaweza kuhitaji vyuma ili mgonjwa aketi mapema badala ya kulazwa chali kwa wiki nyingi. Kwa ninyi wa Pwani, mlango huo huanzia hospitali ya rufaa ya Mombasa, na wao wakiona inafaa watazungumza na Kenyatta, hospitali ya taifa ya rufaa iliyoko Nairobi. Mlango wa pili ni wa urekebishaji, yaani kumfundisha mtu kuishi na mwili wake mpya: kibofu, choo, ngozi, kiti cha magurudumu. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya hospitali ya kitaifa ya majeraha ya uti wa mgongo iliyoko barabara ya Lenana, Nairobi, ambayo vitanda vyake havifiki hata mia moja kwa nchi nzima. Mgonjwa wa mlango wa pili hukaa miezi, kwa hiyo kitanda hakipatikani kwa kubahatisha langoni.

Ukipiga simu na kuuliza, “Mna kitanda?”, utajibiwa na yeyote aliye karibu na simu, na jibu lake litakuwa la kweli. Lakini ukisema, “Nina mgonjwa wa siku tisa, nataka daktari wenu aone picha zake, amwingize kwenye orodha, na aniambie nifanye nini kuanzia leo mpaka zamu yake ifike,” umebadilisha mazungumzo. Tangu dakika hiyo mgonjwa ni wenu wote wawili, ingawa amelala kwako.

Kuhusu kisigino, usisubiri wekundu kama vitabu vinavyosema, kwa maana kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Linganisha visigino viwili kwa mgongo wa mkono wako: penye hatari huwa peusi zaidi au pamegeuka zambarau, huwa na joto kuliko upande wa pili, na pakibonyezwa huwa pagumu au panabonyea kama embe lililoanza kuharibika. Kunja shuka, uiweke chini ya shavu la mguu kwa urefu wake, ili kisigino kining'inie hewani kabisa. Na zile glavu tunazozijaza maji na kuziweka chini ya kisigino, ambazo hata mimi nilifundishwa hivyo, tafadhali zitoe leo, kwa sababu hazipunguzi mgandamizo.

Mtaalamu wa Viungo

Naunga mkono maelezo ya Mama Nesi, na nitaongeza kuhusu barua kwa sababu mimi ni miongoni mwa wanaozisoma. Barua nyingi zinazotufikia husema “mgonjwa amepooza miguu, tafadhali mpokeeni,” na hapo hapo tunalazimika kupiga simu kuuliza mambo ambayo mwandishi alikuwa na uwezo wa kuyaandika katika mistari kumi. Tunataka kujua saa na namna alivyoumia, hali ya miguu ilivyokuwa siku ya kwanza na ilivyo leo, hisia zinakoishia upande wa kulia na wa kushoto, nguvu ya kila msuli mkubwa kwa alama kutoka 0 hadi 5, na daraja la kipimo cha ASIA cha uzito wa jeraha la uti, kutoka A (jeraha kamili) hadi E (hali ya kawaida).

Daraja hilo haliwezi kuandikwa na mtu ambaye hajapima sehemu ya haja kubwa, nayo ndiyo sehemu ambayo watu huiruka kwa haya. Mguse mgonjwa kwa pamba na kwa pini kuzunguka tundu la haja kubwa, kisha vaa glavu, ingiza kidole, mwulize kama anahisi mbano, na umwambie abane. Akihisi chochote hapo, hata kama miguu imelala kama magogo, jeraha lake si kamili, na matarajio yake ni tofauti na ya mtu asiyehisi kitu. Nimeona mgonjwa aliyeandikiwa “amepooza kabisa” akifika kwetu na hisia zake za chini zikiwa hai, na hakuna aliyeweza kutuambia kama zilikuwepo tangu mwanzo au zilirudi njiani.

Jambo lingine, Tabibu: umesema eksirei, lakini hukusema ya wapi. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye mnazi na kuvunjika mahali pamoja huenda amevunjika na pengine, kwa hiyo mgongo wote upigwe picha tangu shingo, na picha ya shingo ionyeshe mpaka pale pingili ya 7 ya shingo inapokutana na ya kwanza ya kifua, mahali ambapo mabega hupaficha. Visigino na nyonga pia vichunguzwe, kwa kuwa walioanguka kutoka juu mara nyingi hutua kwa miguu. Na kabla hujaliita lile doa kidonda cha kulalia, hakikisha si damu iliyovilia juu ya mfupa uliovunjika.

Tabibu wa Kilifi

Nashukuru sana. Sehemu ya haja kubwa sikuipima, nakiri. Nimerudi wodini mchana huu nikapima: anahisi pamba upande wa kushoto, kwa udhaifu, lakini hawezi kubana. Visigino tumevipiga picha na havijavunjika. Picha ya shingo itapigwa kesho.

Shida yangu ni usiku. Zamu ya usiku ina wauguzi wawili kwa wagonjwa 40 hivi. Kumgeuza mtu mmoja kila saa mbili, kwa watu wanne, ni jambo ambalo naliandika kwenye faili nikijua kwamba halitafanyika.

Nesi Mstaafu

Kama anahisi upande wa kushoto, basi si A, ni B, yaani hisia zipo ila misuli haitii, na barua yako imebadilika uzito. Hilo uliandike mstari wa kwanza.

Kuhusu usiku, ni kweli usemayo, na sitakudanganya kwamba wauguzi wawili wataweza. Lakini unaye yule mpwa aliyemkumbatia kwenye bodaboda. Ndugu waliokuwa tayari kulipia gari hadi Nairobi wako tayari kulala wodini kwa zamu, ila hakuna aliyewaambia kwamba hiyo nayo ni tiba. Wafundishe mchana, mbele yako, mara tatu au nne, mpaka wafanye bila kuelekezwa. Shingo ikiwa bado haijathibitishwa kuwa nzima, wawe wanne: mmoja ashike kichwa na yeye peke yake ndiye ahesabu, mwingine mabega, wa tatu nyonga, wa nne miguu, na mwili wote uzunguke kwa pamoja kama gogo, pua ikiwa sawasawa na kitovu. Bandika karatasi ukutani yenye saa na upande, na kila anayemgeuza aweke alama. Karatasi hiyo nayo isafiri pamoja na barua, kwa sababu daktari anayepokea akiiona hujua kwamba analetewa mgonjwa aliyetunzwa.

Kila anapogeuzwa mtazame shuka kwa kiganja: makombo, mikunjo, kifuniko cha sindano, sarafu. Nimewahi kuokota punje ya mahindi ya kuchoma chini ya mgonjwa, na alama yake ilikaa kwenye paja lake kwa wiki tatu.

Yapo mengine ambayo kituo kitakuuliza: choo alipata lini mara ya mwisho, mkojo unatoka kiasi gani kwa siku na rangi yake, na kama anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Hilo la damu lisisahauliwe, kwa kuwa miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye hatari kubwa na yeye hatahisi maumivu ya mguu uliovimba. Pima mzunguko wa mashavu ya miguu yote miwili kila siku kwa tepu ya fundi cherehani, mahali pale pale, na uandike.

Muuguzi, Geita

Samahani kuingilia. Mimi niko upande wa Tanzania, ambako rufaa zetu hupanda kutoka wilaya hadi mkoa, kisha hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, na baadaye Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikibidi. Tunapata wachimbaji walioangukiwa na kifusi, na mara nyingi ni shingo wala si mgongo wa chini. Je, maelekezo haya ni yale yale?

Nesi Mstaafu

Ngozi ni ile ile, mwanangu, lakini kwa mgonjwa wa shingo kuna kitu kinachotangulia ngozi, nacho ni pumzi. Neva za kiwambo cha kupumulia hutoka kwenye pingili za 3, 4 na 5 za shingo, na mtu anayepumua vizuri leo saa nne asubuhi aweza kuchoka usiku wa manane kwa sababu misuli ya mbavu haimsaidii tena. Mwambie avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Kama asubuhi alifika 20 na jioni anaishia 11, mpigie daktari kabla ya kumpigia dereva. Asisafiri bila mtu anayejua kumpulizia hewa kwa mfuko.

Presha yake ikiwa chini na mapigo ya moyo yakiwa ya polepole, huenda si damu aliyopoteza bali neva zilizoacha kuibana mishipa, na ukimmiminia maji ya dripu chupa kwa chupa utayajaza mapafu. Lakini kutokwa damu ndani kuchunguzwe kwanza, maana kifusi hakichagui mahali pa kuponda. Ukimvuta makohozi kwa mashine, mapigo yaweza kushuka ghafla, hivyo atropini, dawa ya kuyapandisha, iwe karibu.

Baada ya wiki chache, mgonjwa yeyote aliyeumia kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu akilalamika kichwa kinampasuka, uso unatoka jasho na presha imepanda, mketishe kwanza, mlegeze nguo, kisha fuata mpira wa mkojo kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi utakuta umejikunja chini ya paja. Mgema wa Tabibu yuko chini ya hapo, kwa hiyo yeye hilo halimhusu.

Kiti Changu

Nimesoma kimya, lakini niseme kidogo kwa niaba ya anayelala kitandani, kwa kuwa mimi hutumia kiti cha magurudumu huu mwaka wa 11. Nilipolazwa kituoni hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba naenda kujifunza. Nilidhani naenda kutibiwa nitembee, na wiki mbili za mwanzo nilikataa kushika kile kimpira cha kujitolea mkojo kwa sababu niliona kwamba kukishika ni kukubali. Tabibu, kabla hajapanda gari, mketie kitandani umwambie anakwenda kufanya nini kule na kwa muda gani, na mkewe awepo kama ana mke.

Na mambo ya karatasi yaanze leo. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, mtu asiye na mwajiri hulipa mchango wa mwaka mzima mapema, na mgema hana mwajiri. Ile harambee ya gari ingetumika kwanza hapo. Kitambulisho nacho kitafutwe. Cha kwangu kilibaki kwenye suruali iliyokatwa kwa makasi siku ya ajali, na kilinigharimu wiki nzima.

Muuguzi, Leicester

Nami niko Uingereza, na wenzangu wengi nyumbani hudhani kwamba huku mgonjwa huumia asubuhi na jioni yuko kituoni. Sivyo. England yote ina vituo vinane vya uti wa mgongo, na watu husubiri kitanda huku wamelala katika hospitali za kawaida. Tofauti iko kwenye simu. Tangu 2016 mwongozo wa taifa unamtaka mpasuaji awasiliane na daktari wa kituo ndani ya saa nne baada ya jeraha la uti kuthibitishwa, na lengo la simu hiyo ni kukubaliana namna ya kumtunza kwa pamoja, hata kama kitanda kitapatikana baadaye sana. Hilo ndilo alilolieleza Mama Nesi kuhusu kubadilisha mazungumzo, nami nimelisoma kwa furaha, kwa sababu halihitaji mashine wala fedha.

Tabibu wa Kilifi

Wapendwa, nimerudi kutoa taarifa. Shingo imeonekana nzima. Nilipiga simu Mombasa nikiwa na karatasi mkononi, nikaanza na ile B, na baada ya dakika chache nikaunganishwa na daktari wa upasuaji mwenyewe, ambaye aliomba picha na matokeo ya damu, akaniuliza hali ya ngozi kabla ya kuuliza lolote kuhusu miguu. Amekubali kumpokea kwa ajili ya kuimarisha pingili. Kituo cha urekebishaji nacho kimemwandika kwenye orodha, na kimeniomba nipeleke barua mpya baada ya upasuaji.

Ameondoka leo saa tatu asubuhi, juu ya godoro, si ubao, na muuguzi mmoja yuko naye. Doa la kisigino limepungua joto na linaanza kufifia pembeni. Nilimweleza kwa kirefu yanayomngoja, akanyamaza, kisha akauliza nani atamgemea minazi yake sita, kwa kuwa isipogemwa kila siku tembo hukatika. Mpwa akamjibu kwamba atapanda yeye jioni jioni akirudi kutoka Mombasa. Kabla hawajatoka, mpwa huyo alirudi wodini mbio, akaibandua ile karatasi ya saa ukutani, akaikunja na kuitia mfuko wa shati.